Beseni la Ghorofani

Salha alichagua beseni la kuogea la kujaza upepo, lenye hita, kwa sababu ndilo alilolimudu na ndilo lililopita mlangoni. Uzito wa maji, huko ghorofani, hakuufikiria. Sasa mama mkwe wake alikuwa amezama hadi mabegani, magoti yake yaliyokakamaa yakikunjuka polepole.

Jirani wa chini akabisha hodi. "Bi Salha, plasta ya dari inatudondokea kwenye wali."

Salha akainama. Ufa mwembamba ulikuwa umetokeza sakafuni chini ya beseni, ukielekea ukutani.

"Mama, tutoke sasa. Taratibu."

"Mwanangu, labda mlete winchi," mkwewe akacheka, macho kayafumba.

Salha akamshika kwapani. Kikongwe akanyoosha miguu yote miwili, akajilaza tena majini. Maji yakafurika ukingoni, yakaufuata ufa, yakapotelea humo.