Hatua Sitini za Mchanga

Sudi alipouchora uwanja wa gofu pale jangwani, aliacha hatua sitini za mchanga mtupu upande wa kulia, kwa kuwa mipira ya wachezaji wengi hupinda huko. Aliporudi kuuona, mchanga ule ulikuwa umejaa nyumba.

"Usisimame hapo, baba, utapasuliwa kichwa," alisema mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele barazani.

"Nani aliwauzia hapa?"

"Wenye uwanja. Walisema tutatazama majani mabichi bure."

Mlango ukafunguka, akatoka binti mdogo akienda kucheza, sufuria kichwani, imefungwa kwa kitambaa kidevuni.

"Usiivue," mama alimwambia bila kuinua macho.

Kule juu uwanjani, mchezaji alikuwa ameshainua fimbo.