Sakafu Juu ya Mteremko

Mafundi wawili walikuwa wameukataa mteremko wa nyuma ya nyumba, wakisema pale hasimami hata kuku. Somoe akaamua kuujengea sakafu ya mbao mwenyewe, maana tangu baba yake, mzee Chande, apooze miguu, michungwa yake ya hapo mteremkoni aliiona kupitia dirishani tu.

Kwa siku tisa alichimba mashimo na kusimamisha nguzo, fupi upande wa juu, ndefu upande wa bondeni, kisha akazipigilia mbao na kuzungushia ukingo. Kila ubao aliuwekea pima maji kuona kama umelala sawa, na kipovu chake kilipokimbilia pembeni, aliung'oa akaanza upya.

Siku ya kumi akamsukuma baba yake kwenye kiti cha magurudumu hadi katikati ya sakafu.

"Usiniachie, mwanangu! Nitabingirika hadi mtoni."

"Hubingiriki popote, baba."

Akafungua breki, akarudi nyuma hatua mbili. Kiti hakikusogea hata chembe.

Mzee akaangua kicheko kilichowatoa majirani nje. Akashika magurudumu mwenyewe, akajisukuma hadi ukingoni, ambako matawi ya michungwa yalikuwa usawa wa uso wake, akanyoosha mkono.