Mistari Mitatu ya Kusini

Kila mwezi Zawena aliingiza kwenye kompyuta ya chuo orodha mpya ya vyuo vyote vilivyounganishwa na mtandao, nayo ikamchapia jedwali la njia: barua ya kwenda chuo fulani ipitie kwa chuo jirani cha upande gani. Chuo chao kilikuwa mwisho wa waya, kwa hiyo mistari yote mia nne ilisema neno moja tu: Kaskazini.

Leo mitatu ilisema Kusini.

Aliifuata tena kwa kidole. Wiki iliyopita mafundi walikuwa wamevuta waya hadi chuo cha nyuma ya milima, na kumbe nyuma ya hicho kulikuwa na vingine viwili ambavyo hakuwahi hata kuvisikia.

Mzee Kitundu, mlinzi wa jengo, alisimama mlangoni na funguo zake. "Saa kumi na nusu hiyo, mwanangu. Zima tufunge."

"Haizimwi tena, mzee."

"Kwani nani anaitumia?"

Zawena akamwonyesha ile mistari. "Hawa. Hawana njia nyingine. Wakimwandikia mtu yeyote, barua inapita humu."

"Humu?" Mzee alitazama viti viwili, feni, na pazia lililopauka. "Wanatujua?"

"Hata kidogo."

Taa ndogo ya kijani kwenye mashine ikawaka, ikatulia, ikawaka tena. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Mzee Kitundu alizitia funguo mfukoni taratibu zisilie, kisha akasogea pembeni ya mlango, kama mtu anayewapisha wageni.