Kizungu cha Cherotich

"Mama Cherotich, huyu msichana wako atatutia wazimu. Jogoo hajawika, yeye ni Kizungu tu. Hata kuku wangu wameacha kutaga," jirani yao Mama Gathoni akalalamika.

"Wacha mtoto asome," mama akajibu, ameinamia beseni la nguo mlangoni. "Wenzake wa Form Two wanataka kwenda Amerika. Huyu anasoma kwa sababu yangu. Madaktari wakinizunguka na Kizungu chao, mimi huwa kama mbuzi mnadani, naongelewa nikiwatazama tu."

Wapangaji wote wa ploti wakacheka.

"Haya, leo huko hospitali wamesemaje?" Mama Gathoni akauliza, ugomvi bado mdomoni. "Tuambie, mzungu wa mtaa wetu wa Langas."

"Waambie," mama akasema kwa maringo. "Leo hakuna kilichompita."

Kweli hakuna kilichompita. Asubuhi hiyo, Cherotich akiwa amesimama kando ya mama yake, daktari mkubwa aliwaambia wenzake kwa Kizungu kwamba ugonjwa umeshafika kwenye maini, hauna dawa tena, na kwamba mgonjwa asiambiwe leo.

Cherotich akatazama mikono ya mama yake ikikamua sketi yake ya shule. Mishipa ilikuwa imesimama, na povu likichuruzika hadi kwenye viwiko.

"Walisema apumzike," akasema. "Na ale vizuri."

"Si mnasikia?" mama akacheka.

Mama Gathoni hakucheka. Alimkazia macho msichana kwa muda, kisha akayashusha.

"Mama Cherotich," akasema polepole, "wacha hizo nguo, nitazisuuza mimi. Ingieni kwangu mkale chakula. Githeri imeiva."