Mwalimu Ashuka Baharini

"Mwalimu, usiache mukono yangu," mwanaume alisema kwa mara ya tatu, na boti ilikuwa ndiyo kwanza inatia nanga.

Marie-Louise aliitikia kwa kichwa. Alimpenda kiongozi wa wageni asiyechoka kurudia. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha jiografia Kasongo miaka thelathini na mmoja, na alijua kwamba jambo la maana halisemwi mara moja.

Miaka yote hiyo aliichora bahari ubaoni kwa chaki ya bluu. Alijua majina yake, vina vyake na mikondo yake, ila hakuwahi kuiona. Tena maji yalimtisha. Alipokuwa na miaka tisa, huko Nyangwe, mtumbwi ulipinduka, na wavuvi wakamtoa katika mto Lualaba akiwa amekwisha kunywa ya kutosha. Tangu siku ile hakuingia mtoni kupita magoti. Halafu mwaka huu mwanafunzi wake mmoja, Nadine, akamuuliza chini ya bahari iko nini. Alijibu kwamba iko mchanga. Jibu hilo likamkwama kama mwiba wa samaki.

Likizo ilipofika, alifunga begi la mgongoni akamfuata rafiki yake Chadia, muuza vitenge wa Kabambare, aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam kuchukua mali. Walipanda pikipiki hadi Kalemie, wakavuka ziwa hadi Kigoma, wakamalizia kwa treni. Kabla ya kurudi walikuwa na siku moja tu ya kupumzika. Chadia alitaka kulala. Marie-Louise alitaka kuona chini.

Asubuhi ile Chadia alimsindikiza ufukweni, akamkabidhi kwa nahodha kwa sauti iliyowafikia abiria wote. "Huyu ni mwalimu mukubwa kwetu Kongo," alisema. "Bahari zote anazijua." Kisha akarudi kitandani.

Nahodha alimtazama Marie-Louise kwa heshima. Akawaeleza wageni jinsi ya kupumua kwa mrija uso ukiwa majini, kisha utaratibu: watashuka wawili wawili, na asiyejua maji atawekwa na anayejua. Walipofika penye matumbawe, akaanza kuwapanga. Wazungu sita wakapata wenzao. Mwalimu akapewa kaka mmoja aliyekuwa amekaa peke yake mbele ya boti.

Marie-Louise alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kaka mwenyewe alikuwa na mabega mapana na viganja vigumu kama ubao. Alikuja na miwani yake ya maji, mipya kabisa, karatasi ya bei bado inaning'inia. Kumbe kampuni ya boti inawajali wafanyakazi wake. Maneno hakuwa nayo mengi. Aliyakazia maji macho huku midomo ikichezacheza, na Marie-Louise akaelewa kwamba anahesabu mawimbi. Hata usemi wake ulimfurahisha: alisema "mukono" kama watu wa kwao. Bila shaka viongozi wa mjini hujifunza lugha za wageni ili wasijione wapweke.

Wakashuka ngazi. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Jaketi la kuokolea likamwinua, miguu ikatafuta chini ikakosa, na Nyangwe yote ikamrudia mara moja. Alitaka kupiga kelele. Lakini mkono wa yule mwanaume ulimbana mpaka pete ikamwingia kidoleni. Mtu hashikwi hivi, aliwaza, ila na mtu anayeijua kazi yake. Akatulia.

Ili aonyeshe kwamba maelekezo ya nahodha ameyasikia, akayatamka kwa sauti ya darasani. "Uma mrija. Weka uso majini. Pumua polepole. Moja. Mbili."

Mwanaume akauma mrija, akaweka uso majini, akapumua moja, akapumua mbili. Hakumsahihisha hata neno.

Marie-Louise naye akainamisha uso.

Mchanga ulikuwepo, lakini kidogo. Mengine yote yalikuwa mawe yenye matawi, kama msitu unaotazamwa kutoka kwenye ndege. Samaki wembamba wa manjano walipita kwa safu. Mmoja mdogo wa bluu alimsogelea mpaka kwenye kioo cha miwani, akamkagua kama inspekta aliyeingia darasani bila hodi. Marie-Louise alicheka ndani ya mrija, akameza chumvi, akainuka kukohoa, akarudi chini upesi kabla inspekta hajaondoka.

Akamfuata. Alipiga miguu, kwanza kwa woga, baadaye kwa furaha, na yule mwanaume alikuja nyuma akivutwa. Alipokata kulia, naye alikata kulia. Alipomwonyesha kwa kidole kiti cha pweza chekundu, chenye mikono mitano kama nyota, naye alinyoosha kidole palepale. Mara moja alijaribu kuuchomoa mkono wake, aone kama anaweza kwenda peke yake. Mwanaume alikataa kabisa. Marie-Louise hakumlaumu; kila kazi ina sheria zake.

Karibu saa nzima ilipita kabla nahodha hajawavuta kurudi botini. Marie-Louise alikaa kwenye ubao, maji yakimchuruzika, na machozi hayakuonekana kwa sababu uso wote ulikuwa umelowa. Sasa alikuwa na la kumjibu Nadine. Akamgeukia kiongozi wake, akitafuta maneno ya kumwambia kwamba bila yeye asingethubutu hata kuiacha ngazi.

Mwanaume alikuwa amevua miwani. Macho yake pia yalikuwa mekundu, na mkono bado hakuuachia. Akamtangulia kusema.

"Mwalimu, miye naitwa Raphaël, mutu wa Salamabila, Mukongomani kama weye," alisema. "Kesho unafundisha saa ngapi? Nataka kuleta muke wangu, sababu naye kama miye, hajawahi kuingia mu maji."