Chuma cha Sitini na Tano

Monsieur Marcellin aliziweka kartasi mbili kando kando juu ya meza, akazigonga kwa kidole.

"Chuma iko na uzito wa 56," alisema. "Mu Zaïre nzima watu wawili tu ndio wameandika 65. Honoré na Emérence. Nani alichungulia mwenzake?"

Emérence alihisi masikio yakiwaka moto. Mtihani ule wa kemia uliwataka wasawazishe mlingano wa chuma na oksijeni, kisha wahakikishe kwa uzito wa moli kwamba pande zote mbili ni sawa. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu kwa 65 kwenye brouillon, ile kartasi ya kujaribia, na kushoto na kulia kote kukatoka 356. Lakini moyo ukasita: chuma ni 56 ama 65? Hapo akanyoosha shingo kwa Honoré, wa kwanza wa darasa. Honoré alikuwa ameandika 65. Emérence akaandika 65.

"Ni miye, Monsieur," alisema Honoré, akasimama.

Zero, na siku nane za kukaa nyumbani. Honoré alikusanya madaftari yake, akapita karibu na benchi ya Emérence bila kumtazama, akaenda zake nyumbani, Kadutu.

Jumapili kwenye misa, watu walipopanga mstari kwenda kukomunika, kupokea hostia, Emérence alibaki ameketi.

"Unagonjwa?" mama yake alimnong'oneza.

"Hapana, maman."

Jumatatu alitumwa sokoni. Mama yake Honoré, aliyekuwa akiuza ndizi pale, alimpimia fungu lake, kisha akamwongezea ndizi mbili. "Chukua, mutoto wangu. Weye unasoma muzuri. Ule wangu amenipatisha haya, hata majirani siwezi kuwaangalia." Emérence alizipokea kwa mikono miwili. Alipofika nyuma ya ukuta wa soko alichutama, akalia mpaka kitambaa chake cha kichwa kikalowa.

Siku Honoré aliporudi shuleni, Emérence alisimama hata kabla majina hayajaitwa.

"Monsieur, mwizi ni miye. Ile 65 niliitoa kwa kartasi ya Honoré. Alibeba kosa yangu, na miye nikanyamaza. Munipe zero yangu."

Monsieur Marcellin alivua miwani, akaipangusa polepole kwa ncha ya koti, sauti yake ikalainika.

"Honoré, simama. Kwa nini ulibeba kosa la mwenzako?"

Honoré alisimama, macho chini, vidole vimeshika ukingo wa benchi.

"Sikubebea mutu kosa, Monsieur," alisema. "Ile 65 niliiona kwa brouillon ya Emérence."