Sahani ya Akida

Tangu Mahakama ya Dunia ifunge magereza yote, mfungwa hutumikia kifungo nyumbani kwa watu, katika nchi ya mbali. Kaka yangu Akida, mwizi wa mitandaoni, alipelekwa Peru kwa wafugaji wa kondoo. Sisi hapa Tanga tukaletewa Piotr, mwizi mwenzake kutoka Poland.

Mama alizoea kumfunikia Akida chakula kwa kawa, hata akichelewa siku mbili. Wiki ya kwanza aliendelea kumfunikia. Wiki ya pili Piotr akafunua kawa, akala. Nikasubiri vita. Mama akamwongezea samaki.

"Kula, Petro mwanangu, umekonda kama ufito."

"Shikamoo, mama," akajibu Piotr. Shikamoo anaitumia kwa kila kitu, hata kwa asante.

"Mama, huyo ni mfungwa," nikasema.

"Na wewe uliye huru umeosha chombo gani leo?"

Miaka minne ikapita. Juzi mchana afisa wa Polisi ya Dunia alileta fomu: kifungo kimekwisha, ila familia ikimtaka mfungwa, naye na mama yake mzazi wakikubali, atabaki moja kwa moja. Piotr na mama yake huko Poland walikuwa wameshakubali. Mama akatia sahihi bila miwani.

"Na hii nyingine imetoka Peru," akasema afisa. "Wao pia wameomba. Akida ameshakubali, imebaki sahihi ya mama mzazi."

Mama akaagiza aletewe miwani. Akaisoma fomu hiyo mpaka wali ukapoa. Kawa lilikuwa mezani, na Piotr hakujua kama alifunue au aliache.